Ubatizo wa Kwenye Pipa

Mwezi uliopita mliniaga. Mkanipa saa kubwa ya ukutani na maneno mazuri, ambayo mengine yalinihusu. Saa nimeitundika sebuleni, inanihesabia muda ambao sina pa kuupeleka. Ndipo nikanunua kauntabuku pale Maili Moja, nikasema niwaandikie ninyi wainjilisti vijana mnaoshika kazi baada yangu, kwa kuwa siku ile mlinitaka niseme neno nikasema asanteni tu nikakaa. Neno nililokuwa nalo lisingefaa kusemwa huku watu wanangoja soda.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika ninavyoongea. Tena nina tabia ya kuchepuka. Mke wangu husema ukinituma chumvi nitarudi na habari za msiba. Mnivumilie, nitafika.

Kazi niliianzia Kisarawe, chini ya Mzee Zakaria, mwinjilisti wa zamani, mfupi, mwenye baiskeli isiyokuwa na breki. Siku ya kwanza nilikwenda nimeshika Biblia kifuani kama askari na bunduki. Akaniuliza, "Hiyo unampelekea nani?"

Nikasema, "Watu, Mzee."

"Watu gani? Unawajua hata majina?"

Akaichukua, akaitia kwenye kikapu, akaifunika na mihogo. Tukazunguka nyumba nne. Watu wa kule wengi ni Waislamu tangu mababu, wakulima na wenye maduka madogo, na mambo ya kupokea mgeni wanayajua kuliko sisi. Kila nyumba Mzee Zakaria alipiga hodi, akasalimia, akakaa, akangoja mpaka ameletewa maji. Akauliza habari za mgonjwa, akauliza mikorosho imechanuaje, akaaga. Biblia haikutoka kikapuni. Jioni nikamwambia, "Mzee, mbona leo hatujahubiri?"

"Leo umekunywa maji ya watu nyumba nne," akasema. "Usifungue mdomo kwa mtu ambaye hujanywa maji yake."

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori, tunaigonga kwa nondo. Mzee alikuwa na sheria moja: adhana ikisikika, nondo chini, tunangoja wenzetu wamalize. Kuna Jumapili ibada ilichelewa kwa ajili ya msiba wa sheikh mmoja jirani. Mzee Zakaria alikuwa makaburini anashika jembe, na sisi washirika kumi na wawili tumekaa kwenye mabenchi tunamngoja. Hakuomba radhi. Alinawa udongo akapanda mimbarini. Leo nawaona mna spika kubwa kuliko kanisa lenyewe. Sisemi kitu. Nimestaafu.

Sasa, miaka yangu ya kazi ina shimo katikati. Faili linasema nilikuwa likizo bila malipo. Ukweli ni kwamba maisha yalinibana nikaenda ng'ambo kupika, kwenye kambi ya mafundi wa ujenzi, miaka minne. Nchi yenyewe siitaji. Siyo kwa chuki. Wapo watu kule mpaka leo wanafanya tuliyoyafanya sisi, na pengine katika chumba kilekile.

Sheria ya kule ilikuwa hivi: mgeni aamini analoamini kichwani mwake, basi. Asikusanyike, asihubiri. Na Mwislamu akiiacha dini yake, hilo lilikuwa jambo la jela au zaidi ya jela. Wenyeji wenyewe siwasemi vibaya. Nilipoungua mafuta mkono mzima, msimamizi wetu, mtu wa palepale, alinipeleka hospitali kwa gari lake akakaa nami mpaka nimefungwa bendeji. Sheria ni sheria na watu ni watu, msije mkachanganya.

Tulikuwa Wakristo wachache tunaosikilizana Kiswahili. Tulikutana stoo ya jikoni, katikati ya magunia ya mchele, siku ya Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku tuliyopewa ya kupumzika. Alikuwepo Dereva, Msabato. Alikuwepo Dobi, Mkatoliki wa kutoka Kongo. Alikuwepo Mama Usafi, mlokole, mwanamke wa bara ya Kenya aliyefagia ofisi za kambi. Na mimi Mpishi. Majina ya kweli tulikatazana kutajiana, na hakuna aliyeruhusiwa kuandika chochote. Mtu akikamatwa asiwe na wa kumtaja.

Dereva alitaka Jumamosi, sisi tulitaka Jumapili, mwajiri akatupa Ijumaa. Kwa hiyo wote tulikosea sawasawa, na umoja wetu ulianzia hapo. Nyimbo tuliimba kwa midomo bila sauti. Mama Usafi alipata tabu sana, maana kumwambia mlokole aombe kimya ni kama kumwambia jogoo awike kwa ishara. Alijizuia mpaka machozi yanamtoka. Siku moja Dobi akamwambia, "Dada, leo umesali kama sista."

"Kaka, usinitukane," akajibu.

Basi Ijumaa moja mlango ukafunguliwa. Akaingia fundi bomba wa kambi, jitu refu, pana, na spana mkononi, amekuja kuzibua karo. Akatukuta midomo inacheza na hakuna sauti. Tukaganda. Nilimfahamu kidogo: jina lake Shabani, mtu wa Kisarawe, maana aliwahi kuja dirishani kuniuliza kama naweza kupika kisamvu cha nazi kama cha kwao. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akaweka spana chini, akakaa juu ya gunia.

Alikaa pale kila Ijumaa kwa karibu nusu mwaka. Wiki za kwanza tulijua ametumwa kutuchunguza, nami nilishaanza kufungasha nguo. Hakuwa ametumwa na mtu. Siku moja akaniambia, "Mpishi, nataka kubatizwa."

Nikamwambia asubiri, arudi nyumbani kwanza, kule hakuna sheria ya kumzuia. Akatikisa kichwa. "Huku naogopa sheria. Kule nitamwogopa kaka. Bora hii ya huku."

Nilimkatalia mara mbili. Ya tatu nikakubali. Vijana, mnajua utaratibu wetu: mwinjilisti habatizi. Anafundisha, na mchungaji akiwa mbali anazika, lakini maji ni ya mchungaji. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Mchungaji hakuwepo, na asingekuja.

Ugomvi ukaja kwenye maji yenyewe. Mama Usafi akasema lazima azame mzima. Dereva akaungana naye. Mimi na Dobi tukasema kumwagiwa kunatosha. Tulibishana kwa kunong'ona, jambo linalochosha sana. Mwisho tukakubaliana azamishwe kwenye pipa la buluu tulilowekea maji ya kupikia. Shabani akaingia. Akakwama. Magoti yalimpanda mpaka kidevuni, maji yakamfika kifuani yakakoma hapo. Tukamsukuma mabega, wapi. Mama Usafi akanong'ona, "Kichwa bado, kichwa bado." Nikachukua kopo la kupimia mchele, nikasema maneno yale kwa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, nikamwagia kichwani. Nikampa Dobi kopo, naye akamwaga. Mama Usafi akamwaga. Dereva akasema kwao kumwagiwa si ubatizo, halafu akashika kopo akamwaga kuliko wote. Nusu ya kwao, nusu ya kwetu. Tulipomtoa alikuwa anatetemeka, na joto la kule mnalisikia tu.

Nilirudi nyumbani kabla yake. Nikapangiwa usharika wetu huu wa Mkuza. Mchungaji akaniuliza, "Kule ng'ambo ulikuwa unafanya nini, Mwinjilisti?" Nikasema, "Nilikuwa napika." Neno la kweli kabisa. Upo uongo unaotengenezwa kwa ukweli mtupu.

Baada ya miaka miwili Shabani akarudi. Akafungua kibanda cha vifaa vya bomba pale Kwa Mathias, akaanza kusali kwetu. Jina hakubadilisha. Watu walimuuliza, akasema jina alipewa na marehemu mama yake na hana ugomvi naye. Kwao Kisarawe kaka yake, Ramadhani, mwenye duka, alikuwa ameshamwambia asikanyage kwake. Halafu Shabani akampenda Agnesi wa kwaya, naye akapendwa, posa ikapokelewa, ndoa ikapangwa. Mchungaji akaomba cheti cha ubatizo ndipo atangaze.

Cheti kingetoka wapi?

Mchungaji wetu wa wakati ule alikuwa mtu mwema, hana makuu. Akamwambia, "Ndugu Shabani, hili ni jambo dogo. Jumapili nakubatiza, robo saa, tumemaliza." Shabani akakataa. Akaenda kwa walokole jirani na kibanda chake, wakamuuliza kama alizama mzima. Mtu yule hajui uongo. Akasema kifua kilizama, kichwa na magoti vilibaki nje. Wakamwambia basi azamishwe. Kwetu maji yalikosa mchungaji, kwao yalikosa kina. Kote jibu likawa moja: arudie.

Akaitwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa. Nami nilikuwepo, mwinjilisti hukaa mkono wa kushoto wa mchungaji. Mchungaji akamuuliza kwa nini anakataa jambo la robo saa.

"Mchungaji, nikibatizwa tena nitakuwa nimesema ile mara ya kwanza nilikuwa naoga," akasema. "Kwa ile mara ya kwanza nimempoteza kaka. Sikumpoteza kwa kuoga."

"Sawa. Nani alikubatiza?"

Shabani akanitazama. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Akasema, "Mtu mmoja. Mpishi."

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Mpishi! Na muuza nyanya je, hakuwepo?" Wakacheka tena. Mimi nikatazama kitambaa cha meza. Kilikuwa na maua mekundu, na doa la chai pembeni. Nimesahau mengi katika kazi hii lakini lile doa ninalo. Nilijua nikisema ni mimi, nimevunja utaratibu, nimeficha, watanifukuza, na kazi yenyewe ndiyo pekee niliyoijua zaidi ya kupika. Baraza likaamua: arudie maji au hakuna ndoa. Baba yake Agnesi akasema binti yake hataolewa na mtu ambaye kanisa halimjui.

Kesho yake nikaenda kibandani kwake. Nikamuuliza, "Kwa nini hukunitaja?"

"Si tulikubaliana hatutajani?"

"Ile ilikuwa kule, Shabani. Hapa hakuna polisi."

Alikuwa anafunga uzi kwenye koki. Hakuinua macho. "Kwani wewe hapa huogopi?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nimeogopa hapa kuliko kule. Kule tuliogopa pamoja.

Baraza lililofuata nilisimama kabla ya maombi ya kufungua, nisije nikapoa. Nikasema mpishi ni mimi, nikaeleza pipa, nikaeleza kopo, sikuacha kitu. Safari hii hakuna aliyecheka. Mchungaji alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Katibu wa baraza, mama mmoja mwalimu mstaafu, mkali kwa utaratibu, akasema, "Mwinjilisti, kosa lako tutalizungumza siku yake. Kwa huyu bwana, kitabu kinataka mashahidi wawili. Wewe ni mmoja, tena ni mshitakiwa. Wa pili ni nani?"

Nikasema wapo watatu.

"Majina yao?"

Sikuwa nayo. Dobi, Dereva, Mama Usafi. Katibu akashika kalamu akangoja, halafu akaiweka. Tulivyojificha na hatari, ndivyo tulivyojifichia hata ushahidi. Wakatupa wiki mbili.

Ndipo nikakumbuka Shabani aliniambia kwamba, akiwa bado kule, alimwandikia kaka yake barua moja ya kumweleza. Nikaenda Kisarawe. Nilimkuta Bwana Ramadhani dukani, amekaa nyuma ya mizani, kofia kichwani, mrefu kama mdogo wake. Nikasalimia, nikaketi kwenye benchi. Alikwishajua mimi ni nani. Alihudumia wateja kama saba hivi bila kunitazama. Kisha akamwambia mkewe, "Mletee mgeni maji." Nikanywa yote. Ndipo nikasema shida yangu, nikataja na siku ya baraza, nikaiomba ile barua.

"Nimeichana," akasema. "Siku ileile."

Akaisogeza mizani pembeni.

"Mzee wangu, wewe ndiye uliyemtia kwenye maji?"

"Ni mimi."

"Una mdogo wako?"

"Ninaye."

"Huyu wangu nimemlea mimi, baba alipokufa. Nimemfundisha mpaka kutawadha. Na leo unakuja dukani kwangu nikusaidie kuthibitisha kwamba umemchukua."

Nikamwambia asante kwa maji, nikaaga. Nyuma yangu nilimsikia anamuuliza mkewe sukari imebaki kilo ngapi.

Wiki mbili zikaisha. Siku ya baraza tumekaa: Shabani kwenye kiti chake, Agnesi na baba yake nyuma, mimi safari hii nimewekwa upande wa pili wa meza. Katibu akauliza kama shahidi wa pili amepatikana. Nikasema hapana. Akaanza kuandika. Hodi ikapigwa. Bwana Ramadhani amesimama mlangoni, kanzu, kofia, viatu amevivua vimepangwa nje. Shabani alisimama wima, akasema, "Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kaa."

Mchungaji akamkaribisha kiti. Akasema atasimama, hana muda mrefu. Katibu akamuuliza, siyo kwa dharau, "Bwana, wewe ni Mwislamu. Unakuja kushuhudia nini hapa?"

"Nimeambiwa mnasema mdogo wangu hakubatizwa," akasema. "Mimi niliandikiwa barua na mkono wake. Aliniandikia siku, aliniandikia na pipa, kwamba alikwama. Nikaichana. Nikalia siku tatu, mke wangu shahidi. Nikamfukuza kwangu, damu yangu, na watu wa mtaa wakajua. Sasa ninyi wenye dini yenu mnasema halikuwa jambo lolote." Akatutazama meza nzima. "Kama hakubatizwa, basi mimi nililia nini? Semeni leo hakubatizwa, nimchukue ndugu yangu twende nyumbani."

Yule mzee wa muuza nyanya akatazama kitambaa cha meza.

Katibu ndiye aliyesema kwanza. Alimuuliza taratibu, "Jina lako kamili nani, Bwana?" Akaliandika. Shahidi wa pili.

Wakampokea Shabani bila maji mengine. Mimi wakanisimamisha huduma miezi sita kwa kubatiza bila ruhusa na kwa kuficha. Kuficha kulistahili. Hilo la kubatiza, nimekaa nalo mpaka nimestaafu na sijui. Waliokubali kwamba ubatizo ni wa kweli na walioniadhibu kwa kuufanya walikuwa watu walewale, siku ileile, kwa kalamu ileile. Msinicheke, nanyi mtakalia mabaraza.

Ndoa ikawa Jumamosi. Aliyesimamishwa huduma kwetu hakai mbele, nami niliona aibu kukaa nyuma, nikabaki uani kwenye majiko. Asubuhi ile alikuwa amefika Bwana Ramadhani na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa. Hakumsalimia mtu sana. Aliuliza tu, "Mbuzi wako wapi?" Akawachinja wote wanne yeye mwenyewe, kwa jina la Mwenyezi Mungu, ili shangazi zake na watu wao wa Kisarawe, ambao walikuwa njiani wanakuja, waweze kula. Ibada ilipoanza akakataa kuingia. Akavuta kigoda akakaa karibu na sufuria.

Kisha akaniuliza, "Na wewe mbona hauko ndani?"

"Nimesimamishwa."

"Kosa gani?"

"La kumbatiza mdogo wako."

Akanitazama. "Lakini si wamelikubali?"

"Wamelikubali."

Akatikisa kichwa. "Wakristo mna kazi," akasema. Ndani wakaanza wimbo wa kuwatoa maharusi. Akasikiliza mpaka ubeti ukaisha, akafuta kisu chake vizuri, akakigeuza mpini ukaelekea kwangu, akalisogeza karai la vitunguu kwa mguu.

"Si nimeambiwa ulikuwa mpishi? Kata. Shangazi zetu wanafika sasa hivi."

Nikakata.